Majina Aliyoaminiwa Mjomba

Picha ilifunguka taratibu, maana mtandao pale barazani Ujiji jioni ile ulikuwa wa kusuasua. Msichana wa miaka ishirini na kitu, amevaa joho la mahafali na mashada ya kumetameta shingoni, anacheka. Juu ya picha yake lilisomeka jina la nahodha wa boti ya mizigo, mtu ambaye Mjomba mwenyewe alishuka kaburini kumlaza.

Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena.

"Huyu nani, mama?"

"Simjui, Mjomba. Nadhani ndiye mwenye hiyo namba sasa."

"Namba ni ya nahodha."

"Ilikuwa yake. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inaichukua na kuiuza upya."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi mtoe binti wa watu kwenye jina la mwenzake. Hakuomba kuingia humu."

Ni wiki kadhaa sasa tangu jioni hiyo. Simu mpya inafanya kazi, Mjomba anaongea na wajukuu wake kwa video, na nyumba nzima inanishukuru. Lakini ile sentensi imenikaa kichwani na haitoki. Hakuomba kuingia humu. Tangu nianze kuitafakari, naona inawahusu watu wengi sana, sio yule binti peke yake.

Karani

Mjomba alikuwa wakala wa forodha pale bandari ya Kigoma kwa zaidi ya miaka thelathini. Anayeijua kazi hiyo anajua kwamba mtaji wake ni watu. Nani yuko zamu Forodha leo, nani wa reli anaweza kukwambia behewa limekwama wapi kati ya Tabora na hapa, boti gani inapakia saruji kwenda Kalemie bila kuiloweka njiani, mfanyabiashara gani wa Bujumbura akisema atalipa analipa. Mwaka 2001 mteja wake wa Lubumbashi alimletea zawadi, kifaa kidogo cha mkononi aina ya Palm IIIxe, na tangu hapo watu wote hao wakahamia humo.

Alikiita Karani.

Sisi watoto wa nyumba ile tulikatazwa kumgusa Karani kuliko tulivyokatazwa kugusa fedha.

Vijana wanaokuja dukani kwangu huniuliza kilikuwa kinafanya nini hasa. Majina na namba, kalenda, orodha ya kazi, na mahali pa kuandika kumbukumbu. Basi. Hakipigi simu, hakina intaneti. Kioo chake ni cha kijivu, nukta 160 kwa 160, na kumbukumbu yake yote ni megabaiti 8, ambazo picha chache za simu ya leo zinazijaza zikabaki zinatafuta nafasi. Kinatumia betri mbili ndogo, zile zile za rimoti, na ndiyo sababu kiko hai mpaka leo. Vingi vya aina yake vilivyokuja na betri ya ndani ya kuchaji vimekufa pamoja na betri zao. Hiki unakwenda Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, unanunua jozi, unarudi nyumbani. Miaka ile umeme wa Kigoma ukitoka kwenye majenereta ya dizeli na kukatika utakavyo, Karani alikuwa akienda wiki nyingi kwa jozi moja tu.

Ila kubadilisha hizo betri lilikuwa jambo la kushika roho. Kila kilichoandikwa humo kinakaa kwenye kumbukumbu inayotaka umeme muda wote. Ukitoa betri unapewa kama dakika moja ya kuweka nyingine, zaidi ya hapo kila kitu kinafutika. Namkumbuka Mjomba mezani, taa ya chemli pembeni, betri mpya zimelazwa juu ya leso nyeupe, upande wa chanya umeelekezwa kule kule utakakoingilia. Anasema bismillahi, anafungua kifuniko cha mgongoni, anazitikisa za zamani zidondoke, anabana mpya kwa kidole gumba. Hakuna anayeongea. Kioo kikiwaka na majina yakaonekana, ndipo mke wa Mjomba anapouliza kama chai iletwe.

Aliyekibuni, Mmarekani Jeff Hawkins, kabla toleo la kwanza halijatoka mwaka 1996 alichukua kipande cha mbao cha ukubwa alioutaka, akawa anatembea nacho mfukoni na kukitoa kila mara kana kwamba anaandika miadi. Alitaka kujua kama mtu anaweza kuishi na kitu hicho siku nzima. Aliyekuwa akishindana naye ni daftari la karatasi na kalamu. Nikilisoma jambo hilo naelewa kwa nini Karani alikuwa mtulivu vile. Alitengenezwa achukue nafasi ya daftari, na daftari halikuiti.

Kuandika humo kulitaka ujifunze herufi zake. Kila moja inachorwa kwa mkupuo mmoja bila kuinua kijiti, na A haina mstari wa katikati. Mjomba alizizoea mpaka zikamwingia mkononi. Nenda stoo ya nyumba yake leo usome maandishi ya kalamu nzito kwenye madebe: SUKARI, CHUMVI YA UVINZA, DAGAA WA KIBIRIZI. A zote hazina mkato.

Pini tisa

Kilicholeta mabadiliko ni macho, na kioo ambacho sehemu yake ya chini haisikii tena kijiti. Kwa miaka mingi Mjomba alikuwa na mtindo wake: namba anaisoma kwa Karani, anaibonyeza kwenye kitochi. Sasa anasoma 6 kuwa 8 na kuwaamsha watu wasiomjua alfajiri. Binamu yangu wa Dar akamnunulia simu janja yenye kioo kikubwa, na kazi ya kuhamisha majina ikaniangukia mimi, kwa kuwa nina duka la uwakala wa fedha na vocha pale Mwanga na kila mtu anaamini kwamba mwenye duka hilo anajua simu zote.

Kitako cha Karani, kile anachokalia ili aongee na kompyuta, kina waya wenye kichwa cha pini tisa. Tundu la kichwa hicho limepotea kwenye kompyuta za mkononi zamani sana. Kuna kijana fundi mtaa wa nyuma ya soko, mtulivu, asiyepuuza kitu kwa sababu ni cha zamani. Alikwenda stoo akatoa kompyuta kubwa ya mezani yenye tundu lile, akaiwekea mfumo wa Linux na programu iitwayo J-Pilot, ambayo mpaka leo inaelewana na Palm. Akaniambia nibonyeze kitufe cha kwenye kitako.

Karani akalia ile sauti yake ya milio miwili mitatu inayopanda.

Nilijisikia kulia, na sioni aibu kusema hivyo. Sauti ile niliisikia mara ya mwisho nikiwa shule ya msingi, ofisi ya Mjomba bado inanukia gundi ya stempu na dagaa.

Majina yakatoka yote, na makundi yake. Palm inakuruhusu makundi kumi na tano ya kwako, basi, na Mjomba aliyajaza yote. Forodha. Reli. Kalemie. Uvira. Bujumbura. Mpulungu. Ukoo. Msikiti. Mafundi. Yakaendelea hivyo, na la mwisho kabisa: Marehemu.

Mtu akifa, Mjomba hamfuti. Anamhamisha.

Na kila usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya Isha, anafungua kundi hilo, anasoma jina moja moja kwa sauti ya chini na kuwaombea. Nilikuwa najua kwamba huwa anakaa na Karani usiku huo. Sikuwa najua anachosoma.

0744

Nilipoyapitia majina ya Marehemu kwenye kompyuta ya fundi, niliona kitu ambacho Mjomba mwenyewe hakuwa amekitambua. Baadhi yao namba zao zinaanza na 0744, wengine 0748, wengine 0741. Waliobaki ni 0754, 0784, 0713.

Wenye umri wangu na zaidi mnakumbuka namba za simu zilipobadilishwa vichwa, 0744 ikawa 0754, 0748 ikawa 0784. Mjomba alikaa na kijiti akarekebisha mtu mmoja mmoja. Lakini aliwarekebisha waliokuwa hai. Waliokwishatangulia hakuwagusa, maana namba zao zingebadilishwa kwa ajili ya nani? Kwa hiyo ukiiangalia orodha ile unaweza kuwagawa: hawa walikufa kabla ya mabadiliko, hawa baada ya hapo.

Wale wa 0744 walihamia kwenye simu wakiwa salama. Hakuna sura ya mtu mwingine iliyotokea kwenye majina yao. Hawa wa 0754 ndio waliokuja na sura za watu wengine. Nahodha akawa msichana wa mahafali. Fundi seremala wa Katonga akawa nembo ya duka la vipodozi. Shangazi yetu mkubwa akawa kijana amesimama mbele ya gari jekundu, na siku ya pili yule kijana aliweka hali ya WhatsApp, ikamtokea Mjomba kwa jina la dada yake.

Yako mengine yaliyohitaji mkono. Namba za Kalemie na Uvira ziliandikwa bila +243, za Bujumbura bila +257, kwa sababu Mjomba alikuwa anajua mwenyewe kwamba aliyeko kundi la Kalemie anapigiwa Kongo. Simu haikujua, ikawafanya wote kuwa wa Tanzania. Simu ikapendekeza pia niunganishe watu wawili wawe mmoja, kwa sababu wana jina moja na namba moja. Ni baba na mwanawe, na namba ni ya duka walilokuwa wakipokelea simu zamani zile duka moja likiwa na simu ya mtaa mzima. Na Jumatano moja saa tisa alasiri simu ikalia kwa nguvu barazani: LIEMBA. Mjomba alikuwa ameweka ukumbusho wa kila baada ya wiki mbili, siku ambayo meli inang'oa nanga kwenda Mpulungu, na ukumbusho ukahama pamoja na kila kitu. Meli yenyewe wakati huo ilikuwa imesimama kwa matengenezo.

Haya yote nilirekebisha. Ni kazi ya subira tu.

Maelezo

Kila jina kwenye Palm lina sehemu ya kuandika maelezo. Wengi wetu tungeacha wazi. Mjomba aliandika, na aliandika kwa miaka ishirini.

Mengine ni ya kazi: "Anataka risiti ya Kifaransa." "Usimpigie Ijumaa mchana." Mengine ni ya adabu: "Mama yake ni Mbembe wa Fizi, muulize hali ya mama kwanza." "Amefiwa na mtoto, usitaje shule." Nilipoyasoma hayo nilielewa kwa nini watu wa bandarini mpaka leo wanampenda. Alikuwa akijikumbusha namna ya kuwatendea watu vizuri kabla hajainua simu.

Halafu yapo ya aina nyingine.

Mnajua mwaka 1996 ulivyokuwa hapa. Oktoba na Novemba, vita vya Kivu vilipowaka, watu walivuka ziwa usiku kwa mitumbwi na boti za mizigo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Novemba hiyo hiyo. Ujiji ina ndugu upande wa pili tangu enzi za mababu, kwa hiyo wengine hawakufika kambini kabisa; walipokelewa majumbani. Mjomba alipopata Karani miaka mitano baadaye, aliandika alichokuwa amekibeba kichwani. "Alivuka na watoto watatu, mmoja si wake. Usimuulize." "Jina la kwenye karatasi si hili." "Alimficha mwenzake siku tisa, mwenzake hajui kama najua."

Nilifunga faili nikatoka nje ya duka la fundi nikasimama kidogo juani.

Watu hawa wako. Wengine ni wateja wangu. Mmoja hununua vocha kwangu karibu kila siku na watoto wake wamesoma, wana kazi, wana vitambulisho. Na yote yaliyoandikwa juu yake yalikuwa hatua moja tu, kitufe kimoja, kuingia kwenye akaunti ya Google na kukaa kwenye mitambo ambayo mimi wala Mjomba hatutaiona kamwe. Nilikuwa nimeitwa kuhamisha namba za simu. Sikuwa nimeitwa kuamua jambo kama hili.

Meseji ya deni

Kilichomaliza mjadala kilitoka nje. Siku chache baada ya majina na namba kuingia kwenye simu, maelezo yakiwa bado kwenye kompyuta, Mjomba alipokea meseji kwenye laini yake ile ile ya siku zote. Iliandikwa kwa ukali. Ilimtaja kijana mmoja wa bodaboda kwa majina yake matatu, ikasema anadaiwa, ikamtaka Mjomba kama "mtu wake wa karibu" amwambie alipe leo hii kabla hatua hazijachukuliwa.

Yule kijana alimbebea Mjomba magunia ya mchele mara moja kutoka stendi ya Masanga, akahifadhi namba yake. Hiyo ndiyo karibu yenyewe.

"Mimi nimeingiaje kwenye deni la watu?" Mjomba aliuliza.

Nikamweleza. Kijana alipakua programu ya mikopo. Programu ikaomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu yake. Akakubali, maana bila kukubali mkopo hautoki, na mtoto alikuwa anaumwa. Ikachukua majina yote, mzee wa magunia akiwemo.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Watu wa dukani kwangu waliipokea orodha ile kwa furaha, kwa kuwa karibu kila mmoja alikuwa ameshapigiwa simu ya matusi kwa deni la jirani. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayomtaka anayekusanya habari za mtu awe na sababu halali. Ni mambo mema na nayaunga mkono kwa moyo wote. Lakini nilipokuwa nikimweleza Mjomba nilisikia ninavyotaja ruhusa ya yule kijana kana kwamba inatosha. Kijana aliruhusu. Mjomba aliruhusu lini?

Mjomba alielewa haraka kuliko nilivyotarajia.

"Kwa hiyo majina yangu mimi, hayo uliyoyaweka humu, nikibonyeza kukubali mahali, yanakwenda?"

"Yanakwenda, Mjomba."

"Yote?"

"Yote. Na kama tutaweka maelezo, nayo yanasomeka."

Alinyamaza muda mrefu. Alichosema baada ya hapo nimekiandika kama alivyokisema: "Mtu aliponiambia habari zake aliniambia mimi. Alinitazama mimi usoni. Hilo lilikuwa sharti lake."

Hapa nataka kusema wazi ninachoamini. Tunazungumzia simu kama mali ya mwenye simu, na majina yaliyomo kama yake pia: simu yangu, kontakti zangu, naruhusu nitakavyo. Lakini namba ya mtu na habari zake ulizopewa ni amana. Aliyekupa alikupima wewe. Unapobonyeza kukubali kwa niaba ya watu mia nne waliokuamini, unagawa kitu ambacho hakikuwa chako kukigawa. Karani hakutuletea swali hilo hata siku moja, si kwa kuwa waliomtengeneza walikuwa watu wema kuliko wengine, ila kwa kuwa hakuwa na mlango wa kutokea. Simu ina milango mingi, na kila mlango unafunguka kwa kidole chako wewe, bila wenzako kujua.

Tulivyogawa

Nilibishana na Mjomba kwa siku kadhaa, kwa heshima, lakini nilibishana. Hofu yangu ilikuwa kwamba Karani atakufa. Kioo kinakwenda. Siku moja kidole gumba kitatetemeka, dakika itapita, na kila kitu kitafutika. Nikamwonyesha pia kwamba kalenda yake haina mwaka zaidi ya 2031. Waliomtengeneza waliishia hapo. Mjomba alicheka kwa sauti akasema kama Mungu akimfikisha 2031 atanunua kalenda ya ukutani.

Tulichofikia ni hiki. Majina na namba za walio hai yameingia kwenye simu, bila neno la ziada. Si wote. Kuna watu wachache ambao Mjomba alisema namba zao zibaki kwa Karani tu, na sikumuuliza sababu. Nimeingia kwenye mipangilio, kwenye ruhusa, kwenye anwani, yaani majina na namba, nikafunga kila programu isiyohitaji kuzisoma, na hapo nilishangaa kuona tochi imo kwenye orodha ya waliokuwa wanaomba. Tochi inataka majina ya watu kwa ajili gani? WhatsApp nimeiachia, kwa kuwa wajukuu wako huko, na Mjomba anajua kwamba namba zinasomwa. Alifikiri akakubali. Ni uamuzi wake na aliufanya macho yakiwa wazi, jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kufanya.

Marehemu niliwatoa wote kwenye simu. Nilimpigia chapa orodha yao kwa herufi kubwa, karatasi nne, anazisoma bila miwani. Amezikunja ndani ya msahafu. Amerudi kusoma haraka kama zamani, na mke wake ananiambia siku hizi anasoma kwa sauti ya kusikika.

Na mimi nimehamisha daftari la miamala pale dukani. Lilikuwa linakaa juu ya kaunta, limefunguliwa, majina, namba za simu na namba za vitambulisho, kila mteja anaegemeza kiwiko hapo akisubiri zamu. Sasa linakaa upande wangu, limefungwa, na naandika mwenyewe. Wateja wawili wameuliza kwa nini. Mmoja nilipomweleza alisema alikuwa akiliona jambo hilo siku zote na hakujua kama ana haki ya kulisema.

Maelezo yabaki au yafutwe

Hilo ndilo ambalo halijaisha.

Maelezo yote yako kwenye flashi moja, ndani ya sanduku la chuma la Mjomba, na hakuna nakala nyingine isipokuwa Karani mwenyewe. Fundi alifuta ya kwake mbele yangu. Wiki iliyopita Mjomba aliniita akaniambia kwamba siku yake ikifika, orodha ya Marehemu nichukue mimi, nimwongeze yeye chini kabisa, niendelee kuwasomea. Nilikubali papo hapo. Kisha akasema flashi niitupe ziwani, na Karani nimtoe betri.

Binamu yangu anafundisha historia sekondari. Anasema maelezo yale ni habari za bandari hii na za 1996 ambazo hazimo kwenye kitabu chochote, kwamba miaka hamsini ijayo watoto wa watoto wa wale waliovuka watataka kujua nani aliwafungulia mlango. Anasema Mjomba hana haki ya kuzama na historia ya watu wengine. Nilipomsikia niliona ana hoja nzito. Kisha nikakumbuka yule mteja wangu wa vocha, na ile sentensi "Usimuulize."

Nilimpelekea Mjomba wazo la katikati: aende kwa walio hai, mmoja mmoja, awaulize wenyewe kama wanataka habari zao zibaki. Hakulikataa. Alisema wengine wakiulizwa tu watajua kwamba yaliandikwa, na hilo peke yake litawaumiza. Alisema pia kwamba watatu anaweza kuwauliza kesho, na mmoja wao yuko Uvira, na ingekuwa vizuri tumpigie kwa video amwone uso.

Tumepanga kumpigia Jumapili. Kwa hao wengine bado sijajua nitamjibu nini Mjomba, na nimemwomba anipe muda mpaka Ramadhani ipite.